Reli ya Kisumu haijawahi kuishi kwa abiria

Desemba 20, 1901 reli iliyoanzia Mombasa ilifika ufukweni mwa Ziwa Victoria, Kisumu ya leo, na Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandikaji wa vyuma, akagonga msumari wa mwisho. Mahali hapo pakaitwa Port Florence kwa heshima yake. Malkia Victoria, ambaye serikali yake ilianzisha kazi hiyo 1896, alikuwa amefariki Januari 1901. Bi Florence anakumbukwa, na simba wa Tsavo waliowala vibarua wa reli wametengenezewa hadi filamu. Kichwa cha gari moshi kilichobeba mzigo wote huo hakizungumzwi sana.

Miongoni mwa vichwa vya mwanzo vilikuwamo vile vya daraja F, vilivyobuniwa kwa reli nyembamba za India. Upana wa mita moja wa reli yetu nao ulitoka huko, pamoja na vibarua wapatao 32,000. Karibu 2,500 kati yao walifia huku. F ilikuwa injini ya mizigo isiyo na madaha. Ilikuwa na magurudumu sita tu, yote yameunganishwa kwa vyuma yakivuta pamoja, hivyo uzito wake wote ulikandamiza reli na kuishika. Haikujengewa mbio. Anayetaka kumwona ndugu yake aende jumba la makumbusho ya reli mjini New Delhi, ambako kipo kichwa F-734 kilichoundwa Ajmer mwaka 1895.

Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Kutoka Mau Summit, palipo zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, njia inateremka hadi chini ya mita 1,150 ziwani. Madaraja marefu 27 ya chuma yaliyovusha reli juu ya mabonde ya huko yaliletwa na kampuni ya Marekani, American Bridge. Kushuka ni suala la breki. Kupanda na mzigo ndiko kulikomtoa mtu jasho. Fayamani alisimama kati ya tanuri na rundo la kuni, jicho kwenye mshale wa kipimo cha mvuke. Kuni mbichi zilimharibia siku: moshi tele, mvuke haba, na mshale ukishuka katikati ya mlima treni inasimama. Mvua ikilowesha reli, magurudumu huzunguka bure bila kusonga, na dereva analazimika kumwaga mchanga kutoka kisanduku chake ili chuma kishike chuma.

Kiu hiyo ya kuni ndiyo iliyotuletea mikaratusi. Ilianza kupandwa nchini 1902 ili kulisha injini za reli. Leo tunaiuza iwe nguzo za stima, huku tukiilaumu kwamba inakausha chemchemi.

Mzigo ulikuwepo kwa sababu ya meli. Winifred ilishushwa majini Kisumu mwaka 1902, Sybil ikafuata, na pamba ya Uganda ikawa inavuka ziwa kuja kupakiwa kwenye mabehewa. Kisumu ilikuwa mlango wa Uganda. Kisha reli ikachepuka Nakuru, ikapita Eldoret, na mwaka 1931 ikaingia Kampala bila kugusa maji. Kuanzia hapo njia yetu ikawa tawi. Tawi lake nalo, la kwenda Maseno, Luanda, Yala hadi Butere, lilijengwa miaka hiyo hiyo, likapita katikati ya mashamba na masoko ya vijijini.

Ahueni ilikuja miaka ya 1960, zilipoundwa meli zenye reli ndani yake, MV Uhuru na mwenzake MV Umoja, mabehewa yakaingia tumboni mwa meli bila mzigo kushushwa. Ahueni hiyo ikafifia Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoendesha reli na meli hizo kwa pamoja, ilipovunjika 1977. Mwaka 2006 reli ikakabidhiwa mwekezaji binafsi, na mkataba huo ukafa 2017. Treni ya abiria ya Kisumu ilikoma 2012, ikarejea Desemba 2021 kwa shangwe na picha nyingi.

Shangwe hizo nazielewa, lakini sikubaliani na wanaodhani ndizo zitakazoiokoa reli. Kilichonipa moyo zaidi ni MV Uhuru kurudi kazini mwishoni mwa 2019, ikavusha mabehewa ya mafuta hadi Port Bell, Uganda. Tangu enzi za F hadi leo, njia hii imenawiri mzigo ulipokuwepo na kudhoofika mzigo ulipochepushwa, hata kama viti vya abiria vilijaa. SGR, reli mpya ya kutoka Mombasa, nayo imeishia upande wa Naivasha, na kwa kuwa reli zake ni pana kuliko zetu, kila kontena la kuja ziwani lazima lihamishwe kutoka behewa moja hadi jingine. Wakati huo huo matrekta ya miwa yanajaa barabarani Chemelil na Muhoroni, umbali mfupi kutoka stesheni zilizojengwa kwa kazi hiyo hiyo.

Njia ya Butere inapita kaunti nne: Kisumu, Vihiga, Siaya na Kakamega. Magavana wake waketi na Shirika la Reli, watangaze ratiba ya treni za mizigo na bei ya kusafirisha tani moja kutoka kila stesheni, tena wabandike tangazo hilo sokoni Luanda na Yala ambapo mchuuzi atalisoma.