Ripa Moja, Nira Mbili

Katika wilaya za Mbulu na Hanang, plau inayokokotwa na maksai ni chombo cha kawaida shambani, nayo aghalabu hudhaniwa kuwa kitu sahili. Fundi anayethubutu kuibadilisha hugundua upesi kwamba hakuna sehemu yake iliyo peke yake.

Plau ikipita kila mwaka katika kina kile kile, chini ya udongo uliolegezwa hujengeka tabaka gumu. Maji ya mvua hayapenyi vizuri, na mizizi ya mahindi hujikunja juu yake. Dawa mojawapo ni ripa, chuma chembamba kinachopasua mstari mmoja tu pasipo kugeuza udongo. Ripa ya Magoye, iliyobuniwa Zambia na kuwafikia pia wakulima wa Karatu na Babati, jirani na wilaya hizi, hufungwa kwenye mhimili wa plau ya kawaida. Wabunifu walibadilisha kichwa tu, ili mkulima asilazimike kununua chombo kizima. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Lakini tangu hapo matundu ya boliti yamekuwa mapatano: kiwanda cha plau kikiyasogeza kwa sentimita 2 tu, ripa za zamani hazitafungika.

Je, kazi imekwisha? La, kwa maana nira bado.

Wakati wa kulima kwa plau, maksai mmoja hutembea ndani ya mfuo uliokwisha kukatwa, na nira ya kiasi cha sentimita 90 yatosha. Sasa tuchukue mistari ya mahindi iliyoachana kwa sentimita 75. Maksai mmoja akifuata mstari uliopita, ripa iko sentimita 75 kando yake, na mwenzake sentimita 75 zaidi. Baina ya shingo zao pana sentimita 150. Mnyororo hufungwa katikati ya nira. Kwa mzigo ule ule, mkazo wa kuupinda mti huongezeka kwa theluthi mbili. Basi mti uwe mnene zaidi, yaani mzito zaidi shingoni mwa wanyama.

Katika viwanda vya ndege badiliko huandikwa, hupewa namba, na kila idara inayoguswa huulizwa kabla chuma hakijakatwa. Kwa ripa, wa kuulizwa ni mhunzi, mchonga nira na mfunza maksai. Huyu wa mwisho ndiye husahauliwa kwa urahisi, ilhali maksai aliyezoea kutembea bega kwa bega na mwenzake huhitaji kufundishwa upya, na mvua haimngojei.