Eti Hakuna Utafiti Uliofanyika Chamwino

"Madamu, naomba tovuti yenye research." Swali hili huanza kuingia maktabani pale wanafunzi wanapoambiwa waandike andiko la utafiti, na haliishi mpaka jioni ya kukabidhi kazi. Nikiuliza research ya nini, naambiwa "yoyote tu, ya mambo ya afya." Tovuti hiyo haipo. Ingekuwapo, wakutubi tungekwisha kutafutiwa kazi nyingine. Swali limejibiwa, tuje kwenye linaloniudhi.

Ni sentensi moja ambayo imekaa karibu kila andiko ninaloletewa, awe mwandishi wake anasomea uuguzi, jiografia au historia: "Hakuna utafiti wowote uliowahi kufanyika wilayani Chamwino kuhusu tatizo hili." Wasimamizi wanadai pengo la utafiti, na hii ndiyo njia ya mkato ya kulipata: unatangaza kwamba kwenu hajawahi kufika mtu na daftari. Nimeisoma ikisemwa juu ya homa, upofu, mmomonyoko wa udongo na njaa. Watu wazima nao wanaiamini. Huku kwetu nani aje kuandika? Nao ni wenyeji wa Mvumi, humuhumu Chamwino, mahali penye misheni tangu Wajerumani wangali wanatawala, na hospitali ambayo kazi za watu wake zimefika mpaka The Lancet.

Huwa nauliza: umejuaje kwamba hakuna? "Nimegugo, madamu, hamna kitu." Lete simu. Kwenye kisanduku cha kutafutia nakuta kichwa kizima cha tasnifu, kwa Kiingereza, tangu viwango vya maambukizi na visababishi vyake hadi watoto chini ya miaka mitano, kata, wilaya, mkoa na nchi. Maneno zaidi ya kumi na tano. Ni sawa na kumwulizia mtu kijijini kwa namba yake ya NIDA: yupo, anaishi nyumba ya tatu, ila hakuna anayemfahamu hivyo. Mashine inalinganisha maneno uliyoiandikia na maneno yaliyomo ndani ya makala. Makala iliyoandikwa miaka ishirini na mitano iliyopita haikujua kwamba wewe utakuja na kichwa chako.

Hilo neno "Chamwino" ndilo linaloua zaidi. Sensa ya 2002 haikuwa na wilaya ya jina hilo. Iliwahesabu watu wa huku chini ya Dodoma Vijijini. Ni Sensa ya 2012 iliyozikuta Bahi na Chamwino. Kwa hiyo anayeng'ang'ania makala lazima itaje wilaya ya Chamwino amejifungia mwenyewe mlango wa karibu kila kitu kilichoandikwa kabla ya hapo, ukiondoa yanayohusu kijiji cha Chamwino chenyewe. Na watafiti wengi, hasa wageni, hata Dodoma hawaitaji. Wanaandika Tanzania ya kati, kwa Kiingereza chao. Waliotangulia waliandika Tanganyika. Waliotangulia zaidi waliandika Ugogo, au waliwataja Wagogo wenyewe basi, kama alivyofanya Mjerumani Heinrich Claus katika kitabu chake cha 1911.

Tuchukue homa ya papasi, maana andiko la mwisho lililonipandisha presha lilikuwa la ugonjwa huo. Kijana kaandika kwamba haujawahi kuchunguzwa huku. Mwaka 1998 jarida la Kiingereza la tiba za nchi za joto, lile la Royal Society of Tropical Medicine and Hygiene, lilichapisha makala ya Talbert na wenzake iliyotoka Hospitali ya Mvumi: nyumba zenye papasi zilipuliziwa dawa ya lambda-cyhalothrin, na homa ikapungua kwa watoto chini ya miaka mitano. Kichwa cha makala hiyo hakitaji Mvumi, wala Dodoma, wala Tanzania. Mwaka 2003 Kisinza na wenzake, Talbert akiwamo, waliandika katika The Lancet kwamba papasi na watoto wa huku wamekutwa na aina ya Borrelia ambayo haikuwa imetambulika kabla. Kichwa kinataja Tanzania tu. Mwaka uliofuata Mitani, Talbert na Fukunaga wakaandika tena juu ya papasi haohao, na safari hii kichwa kinasema Tanzania ya kati. Kazi tatu zinazohusu kuta na sakafu za udongo za majirani wa kijana huyo. Ameishi nao miaka yote, na yumkini mmoja wa watoto waliotobolewa kidole siku zile sasa ni mtu mzima anayempakia kwenye bodaboda.

Hazikufichwa. Kwenye PubMed, ambayo ni bure na haimtaki mtu ajisajili, ungeandika "relapsing fever" na "Tanzania", basi, maneno matatu, na zingejipanga mbele yako. Sababu ni kwamba wanaopanga makala za tiba huzibandika lebo za ugonjwa na za nchi. Lebo ya kata hawana. Ukitaka kuikamata Mvumi, fanya kinyume na unavyofanya: andika "Mvumi" peke yake, bila ugonjwa, bila wilaya. Tangu 1988 PubMed huhifadhi anwani ya mwandishi, kwa miaka mingi ya yule wa kwanza tu, kwa hiyo makala ambayo haitaji Mvumi popote kwenye kichwa inaweza kunaswa kwa sababu daktari aliandika hospitali yake chini ya jina. Kisha rudia neno hilohilo kwenye Google Scholar. Hii inasoma matini yote ndani ya makala, siyo kichwa na ikisiri tu.

Ukishajua hilo la 1988 utaelewa kwa nini kazi ya macho nayo inawapita. Allen Foster, daktari wa macho, alifanya kazi Mvumi kuanzia miaka ya 1970. Mwaka 1987 yeye na Mmarekani Alfred Sommer walichapisha katika British Journal of Ophthalmology uchunguzi wa watoto 130 wa Tanzania wenye vidonda vya kioo cha jicho. Asilimia 37 ya vidonda viliambatana na surua ya karibuni, nusu ya watoto tatizo lao lilikuwa upungufu wa vitamini A, na dawa za kienyeji za macho zilikuwa miongoni mwa visababishi vingine. Makala nzima ipo PubMed Central, kurasa zote, bila senti. Nimeona andiko la upofu wa watoto, limeandikwa na mtu anayepita mbele ya hospitali hiyohiyo kila asubuhi, likianza na takwimu za India.

Wa jiografia wasicheke. Mmomonyoko wa udongo wa Dodoma ni miongoni mwa yaliyopimwa kwa makini zaidi nchini. Mwaka 1972 Anders Rapp na wenzake walichapisha katika Geografiska Annaler vipimo vya mabonde manne ya karibu na Dodoma, na moja ni la bwawa la Ikowa, ambalo leo liko Chamwino. Carl Christiansson akaendeleza kazi hiyo na kutoa kitabu 1981. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ulianza 1973, na 1986 mifugo ikaondolewa Mvumi. Mwanafunzi ambaye babu yake alihamisha ng'ombe kwa amri hiyo ananiandikia kwamba athari za mifugo kwa ardhi ya Mvumi "hazijafanyiwa utafiti." Andika HADO, mwanangu. Herufi nne.

Na njaa? Gregory Maddox ameandika juu ya Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920, katika Journal of African History la 1990, na jina la Kigogo la njaa hiyo lipo palepale kwenye kichwa. Mathias Mnyampala alikwisha kutoa kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo mwaka 1954, kwa Kiswahili. Bibi yako angelikutajia Mtunya kabla Google haijafunguka, lakini ulimwuliza lini?

Siku hizi wapo wanaoruka yote haya na kuiuliza akili mnemba. Wanaipenda kwa sababu haibishi. Ukiiambia Chamwino hakuna utafiti, itakubali, tena kwa aya tatu za Kiingereza kizuri. Ukiibana ikupe marejeo, itakupa: majina ya Kitanzania yanayosikika sawasawa, jarida ambalo kweli lipo, juzuu, toleo, kurasa. Wiki kadhaa zilizopita niliketi na dada mmoja tukafungua juzuu lililotajwa. Juzuu lipo. Kurasa zipo. Zimejaa habari za kitu kingine kabisa, na mwandishi aliyetajwa hayumo. Akaniuliza kama huenda tovuti ya jarida ndiyo iliyokosea. Hapana. Mashine ile imefunzwa kuunganisha maneno yanayofanana na marejeo, na inaweza kuyaunganisha vizuri bila makala yoyote nyuma yake. Mawakili wawili wa New York waliambulia faini ya dola 5,000 mwezi Juni 2023, wao na ofisi yao, kwa kupeleka mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT, na hao walikuwa wamesomea sheria. Itumie ikueleweshe aya ngumu ya Kiingereza, au ikupe majina mengine ya ugonjwa ukayatafute mwenyewe. Rejeo ambalo hujalifungua ukaliona kwa macho usiliandike.

Kazi zinazonunuliwa steshenari zikiwa tayari sina la kusema juu yake, ila kwamba andiko moja nililoletewa kama la Mvumi lilikuwa bado na wavuvi wa kando ya ziwa kwenye ukurasa wa nne.

Haya, vya kufanya, haraka. Maneno mawili au matatu tu kwa mara moja: tatizo na mahali. Badilisha mahali mara nne: Mvumi, Dodoma, central Tanzania, Gogo. Badilisha tatizo kwa jina la kitaalamu na la kimelea chake. Ukipata makala moja nzuri, ibonyeze kwenye Google Scholar uone nani ameitaja baada yake, halafu shuka kwenye marejeo yake uone yeye alimsoma nani; saa moja ya hivyo inazidi wiki ya kugugo. Makala ikidai dola, usilipe. Jaribu PubMed Central, jaribu Unpaywall, kisha mwulize mkutubi wako kuhusu Research4Life: Hinari, tawi lake la afya, lipo tangu 2002, AGORA ni ya kilimo, OARE ya mazingira, na vyuo vya Tanzania vinaruhusiwa bila malipo ili mradi vimejisajili. Neno la siri ni la chuo, siyo la kundi la WhatsApp. Likivuja wanaweza kukifungia chuo kizima. JSTOR inakuruhusu kusoma makala 100 kwa mwezi mtandaoni ukifungua akaunti, na historia na jiografia nyingi ziko huko. Majarida ya Afrika, pamoja na Tanzania Journal of Health Research, yapo African Journals Online. Tasnifu za vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Dodoma na Sokoine zipo kwenye hazina zao za mtandaoni. Zisome kwa ajili ya marejeo yake, usizidese. Sheria na hukumu, TanzLII. Takwimu za sensa, tovuti ya NBS, siyo gazeti lililoinukuu NBS. Wa sekondari, anzeni na maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Shule isiyo na bando wala mtandao wa uhakika ipakue Kiwix, pamoja na faili la Wikipedia, kwenye kompyuta moja. Wikipedia nzima inafunguka bila intaneti, na ni ya kuanzia, siyo ya kunukuu. Zotero ni bure na inapanga marejeo. Jarida linalokuomba pesa kwa barua pepe na kuahidi kukuchapisha ndani ya siku tatu, futa.

Na kama makala imekataa kote, mwandikie mwandishi. Anwani yake imo kwenye ukurasa wa kwanza. Mistari mitatu inatosha: wewe nani, uko wapi, unataka makala gani. Wengi wanajibu, na aliyewahi kukusanya papasi Mvumi akiona barua imetoka Mvumi huenda akajibu upesi zaidi.

Pengo la kweli lipo, ila hukaa mwisho wa kusoma. Ukishazipitia zile kazi tatu za papasi utaona zilifanyika wakati nyumba nyingi za huku zilikuwa tembe zenye sakafu ya udongo, ambamo papasi hujificha mchana. Sasa kuna bati na saruji kwa wingi. Je, homa imepungua kwa sababu ya saruji, au imejificha kwenye mabanda ya kuku? Hilo ni swali la utafiti. Mwanafunzi atakayeniletea hilo nitamtafutia makala zake mwenyewe, hata ikiwa Jumamosi.