Upokeaji wa Ishara za Mtetemo Kutoka Vifaa Vinavyovaliwa Mwilini: Mazingatio kwa Viziwi wa Mbeya na Iringa

Makala haya yanafafanua namna binadamu anavyoihisi na kuielewa ishara ya mguso itolewayo na kifaa kinachovaliwa mwilini, kama vile saa ya mkononi inayotetema. Suala hili lina uzito wa pekee kwa viziwi, kwa kuwa kwao mtetemo huchukua nafasi ya kengele, mlio wa simu na tahadhari ya moto. Mjini Iringa, kwa mfano, kituo cha Neema Crafts, kilichoanzishwa mwaka 2003, kimewaajiri viziwi katika karakana na mgahawa wake. Kwa mfanyakazi kiziwi popote alipo, ishara isiyohisiwa ni sawa na ishara isiyotumwa.

Mtetemo hupokelewa na vipokezi vilivyomo ndani ya ngozi. Vipokezi vya Pacini, vilivyo katika tabaka la chini, huhisi vyema zaidi mitetemo ya kati ya 200 na 300 kwa sekunde. Hata hivyo, ngozi haina wepesi uleule kila mahali. Mwaka 1834, Ernst Heinrich Weber alionesha kuwa ncha ya kidole hutenganisha alama mbili zilizokaribiana mno, ilhali mkono kati ya kiwiko na kiganja huhitaji nafasi ya sentimita kadhaa. Kwa hiyo, saa haiwezi kutofautisha ujumbe kwa kuhamisha mtetemo upande huu au ule tu. Urefu na mdundo wa ishara hueleweka kwa urahisi zaidi.

Mazingira nayo huathiri upokeaji. Katika Nyanda za Juu Kusini, asubuhi za Juni na Julai huwa na baridi kali. Ngozi ikipoa, wepesi wa vipokezi vya Pacini hupungua, hususani kwa mitetemo ya kasi. Saa ikivaliwa juu ya sweta, sehemu ya nguvu yake hupotelea kwenye kitambaa. Aidha, abiria wa bodaboda katika barabara ya vumbi hutikiswa kiasi cha ishara kufunikwa.

Kutokana na hayo, kifaa kilichojaribiwa katika chumba chenye joto hakijathibitishwa kufaa alfajiri ya Mbeya. Inafaa majaribio yafanyike pamoja na viziwi wenyewe, katika baridi na wakiwa kazini. Na tahadhari ya hatari irudiwe, ikiambatana na mwanga, hadi mvaaji athibitishe kuipokea.