Bunduki Yake Haichakai, Upanga Wangu Unavunjika

Kama mwenzi wako anacheza gemu, najua tutaelewana haraka. Kama hachezi, vumilia kidogo, maana habari hii itakufikia tu hata kama kwenu kuna redio na kabati la vyombo basi.

Mimi na mume wangu tunaishi Kayanga, Karagwe. Kazi yake iko upande wa Kyerwa, na akirudi jioni hapitii baa kama wenzake, anakaa sebuleni na kuwasha gemu. Shoga zangu wananiambia nimepata bahati ya mtende. Nakubali. Ugomvi wetu si muda anaotumia, ingawa hilo nalo lina siku yake. Ugomvi ni kwamba kila mmoja anaona gemu ya mwenzake ni ya ovyo.

Yeye ni mtu wa Grand Theft Auto: San Andreas, ile iliyotoka mwaka 2004, ambayo wengi wa rika letu waliifahamu kwenye vibanda vya kulipia. Humo, bunduki ukishaipata ni yako. Ukikamatwa na polisi au ukizinduka hospitalini utajikuta mikono mitupu, lakini kuchakaa? Sahau. Fyatua risasi 1,000, tumbukia nayo baharini, haikwami wala haishiki kutu.

Mimi nacheza Minecraft. Huko kila kitu kina hesabu. Upanga wa mbao unahimili mapigo 59, wa chuma 250, wa almasi 1,561. Wa dhahabu, ule wa kutamanisha macho, 32 tu! (Aliyepanga hesabu hiyo nadhani aliwahi kuchumbia mtu kwa kuangalia sura.) Ukitaka upanga wako uendelee, unaurudisha kwenye fuawe kuutengeneza, na fuawe yenyewe nayo huchoka ikavunjika.

"Yaani umenunua gemu ili uharibikiwe?" ndivyo anavyonikejeli. Halafu anaongeza lile ambalo sina jibu lake la haraka: "Mama, mimi kutwa nzima nahangaika na vitu vilivyoharibika. Nikirudi nyumbani, gemu nayo inipe kazi?"

Ubishi huu si wetu peke yetu. Watengenezaji wa gemu wenyewe wameuvuta huku na huku kwa miaka. Kwenye The Legend of Zelda: Breath of the Wild ya mwaka 2017, karibu silaha zote zinavunjika mkononi. Upanga mkuu wa hadithi hauvunjiki, ila nguvu zikiisha unapumzishwa dakika 10 ndipo urudi kazini. Far Cry 2 ya mwaka 2008 ilikwenda mbali zaidi: imewekwa katika nchi ya kubuni ya Afrika iliyo vitani, bunduki unayomwokotea adui imejaa kutu na inakwama katikati ya mapambano, na wewe mwenyewe una malaria unayetafuta vidonge. Nilimwonyesha mume wangu. Akasema malaria ya Kagera inamtosha.

Upande wake nao una watu. Kampuni ya FromSoftware iliyotoa Dark Souls mwaka 2011, ambamo silaha zinachakaa, ilipotoa Elden Ring mwaka 2022 iliondoa uchakavu kabisa. Na wale wa PUBG kwenye simu wanakijua kile kikaango: ukikivaa mgongoni kinazuia risasi na hakitoboki milele. Vyangu vya jikoni vinabanduka baada ya miezi mitatu.

Wanaopenda silaha zivunjike, mimi nikiwemo, tuna hoja moja nzito. Silaha isiyochakaa inaua nyingine zote. Ukishapata iliyo bora, hutagusa tena mkuki wala rungu, na nusu ya gemu hutaiona. Ikivunjika, unalazimika kujaribu kilichopo, na hapo ndipo unapojifunza. Lakini kuna ugonjwa unaokuja nayo, na huo nitausema kwa sababu ndio uliotuingia nyumbani: kuhodhi. Mchezaji anapata upanga mkali, anautunza kwa ajili ya adui mkubwa. Adui mkubwa anakuja, yeye anaona atakuja mkubwa zaidi. Gemu inaisha, upanga uko mkobani, haujapiga hata nzi.

Karagwe silaha za namna hiyo tulikuwa nazo kabla hata umeme haujafikiriwa. Ikulu ya ufalme ilikuwa Bweranyange, na Mukama Rumanyika ndiye aliyewapokea akina Speke na Grant mwaka 1861. Stanley alipofika mwaka 1876 alionyeshwa nyumba ya hazina ya mfalme, na katika kitabu chake cha mwaka 1878 akaweka mchoro wake. Mlikuwa na sanamu za ng'ombe na ndege za shaba, na mlikuwa na mikuki mizuri ajabu, mingine hata mti wake ni chuma kilichosukwa kama mnyororo. Jaribu kuurusha mkuki wa hivyo vitani uone! Haikuwa ya kupigana. Ilikuwa ya kuonyesha nani ana nchi. Chuma huku kilikuwa na heshima yake. Watafiti Andrew Reid na Rachel MacLean waliandika mwaka 1995 jinsi uyeyushaji wa chuma Karagwe ulivyofungamana na mambo ya uzazi na utawala, si tanuri na mkaa tu. Kwa hiyo mikuki ya mfalme haikuchakaa kwa sababu rahisi sana: haikutumika.

Sasa linganisha na panga la baba mkwe wangu, kule Nkwenda. Panga hilo limepogoa migomba tangu mume wangu akiwa mdogo. Limenolewa mpaka limebaki jembamba kama kisu cha mkate, mpini umebadilishwa sijui mara ngapi. Ukimletea jipya anakushukuru vizuri, analisimamisha pembeni ya mlango, kisha anachukua lile lile. Mkono umeshalizoea. Hilo ndilo ninaloliona kwenye upanga wangu wa chuma wenye mapigo 250: unapojua kitu kitaisha, unakiangalia.

Nilimweleza mume wangu yote haya, akatikisa kichwa. Ndipo tukafika kwenye kabati.

Tulipooana, marehemu mama yake alitupa seti ya sahani 12, nyeupe zenye ukingo wa bluu. Mwaka uliofuata akatutoka. Tangu hapo sahani hizo zilikaa nyuma ya kioo, na mimi kila Krismasi nilikuwa naomba tuzitumie, naye anasema wageni bado. Padri alikuja, akaambiwa bado. Wadogo zake walikuja kutoka Bukoba, bado. Mimi nilidhani ni ubahili wa kiume tu, ule wa kufunga funga vitu. Jioni ile ya ubishi wa silaha ndipo aliposema, macho yake yako kwenye televisheni, kwamba akianza kuzitumia zitaanza kupungua, na hataki kuhesabu.

Basi bwana, nikanyamaza. Kumbe mtu hapendi bunduki isiyochakaa kwa sababu ya uvivu. Kuna watu wamepoteza kitu kimoja na wanataka pahala hata pamoja ambapo hakipotei kingine. Kama unaishi na mchezaji, muulize anapenda silaha zipi na kwa nini, halafu usimkatishe. Utasikia mambo ambayo kwenye semina za wachumba hayakutajwa.

Sikumshinda kwa hoja. Nilimwambia tu kwamba mama alizinunua tulie chakula, si tuzitazame. Zilipita wiki mbili. Jumapili moja nikakuta matoke yamepakuliwa kwenye sahani zenye ukingo wa bluu, amezitoa mwenyewe, na ameziosha kwanza maana vumbi lilikuwa limeshaingia hata nyuma ya kioo.

Sasa zimebaki 11. Moja iliangushwa na mwanetu mlangoni pa jiko. Sote tulimtazama baba yake. Aliokota vipande, akavifunga kwenye gazeti asije akajikata mtu, akauliza kama chai bado ipo.