Mwendo Unaotia Chuma Uhai

Jioni, giza linapoanza kuingia, mtu aliyeketi barazani huweza kumtambua jirani ajaye kwa mbali kabla hajauona uso wake wala kuisikia sauti yake. Humjua kwa mwendo. Jambo hili ni la kawaida hata halimstaajabishi mtu. Lakini wataalamu wa saikolojia walipolichunguza, waliona kwamba linahusiana sana na swali la zama hizi za roboti: kwa nini mashine moja hupendwa kama mnyama wa nyumbani, na nyingine, iliyoundwa kwa ustadi mkubwa zaidi, huwatia watu hofu?

Mwaka 1973 Gunnar Johansson wa Chuo Kikuu cha Uppsala, nchini Uswidi, alieleza jaribio lililopata sifa kubwa. Mtu alitiwa nukta za mwanga kwenye mabega, viwiko, nyonga, magoti na viungo vingine, kisha akapigwa filamu kwa namna ambayo nukta hizo tu ndizo zilizoonekana katika giza. Picha moja ya filamu hiyo ikitazamwa peke yake, ilikuwa ni nukta zisizo na maana. Filamu ilipokwenda, watazamaji walisema papo hapo kwamba mtu anatembea. Sehemu moja ya tano ya sekunde iliwatosha. Mwaka 1977 James Cutting na Lynn Kozlowski, huko Marekani, walionyesha kwamba watu huweza hata kuwatambua rafiki zao kwa nukta hizo, ingawa kwa makosa mengi.

Uwezo huu haukuanzia kwa binadamu. Mwaka 2005 Giorgio Vallortigara na wenzake wa Italia waliwaonyesha nukta kama hizo vifaranga walioanguliwa gizani, ambao hawajapata kuona kiumbe chochote. Vifaranga walizielekea nukta zenye mwendo wa kiumbe hai, wakaziacha zile zilizokwenda ovyo. Walizielekea hata nukta za mwendo wa paka! Ni dhahiri kwamba kipimo cha uhai walichozaliwa nacho ni cha jumla mno.

Mwendo wa kiumbe hai una tabia zake. Mkono unaofuata kikombe mezani huanza polepole, hupata kasi kubwa katikati ya safari, kisha hupunguza mpaka ufike. Mkono wa mashine duni huanza ghafla, huenda kwa kasi ile ile, na husimama ghafla. Wachoraji wa filamu za katuni waliijua siri hii kwa uzoefu kabla maabara hazijaipima. Mwaka 1986 John Lasseter wa kampuni ya Pixar alionyesha filamu fupi ya taa mbili za mezani, kubwa na ndogo, zisizo na macho wala kinywa. Baada ya maonyesho, mtaalamu mwenzake, James Blinn, alimjia na swali. Lasseter alidhani ataulizwa habari za hesabu za kompyuta. Kumbe Blinn alitaka kujua kama ile taa kubwa ni mama au baba.

Basi, ingedhaniwa kwamba kadiri roboti inavyofanana na mtu ndivyo itakavyopendwa. Masahiro Mori, profesa wa uhandisi wa Japani, alilikanusha wazo hilo mwaka 1970. Alisema kwamba mapenzi ya watu huongezeka pamoja na mfanano, lakini mfanano unapokaribia kukamilika huporomoka ghafla kama katika bonde, na kwamba mwendo hulizidisha kina bonde hilo. Alitaja roboti ya maonyesho ya Osaka ya mwaka huo, yenye jozi 29 za misuli ya bandia usoni. Tabasamu lake likifanywa kwa nusu ya kasi yake, halikuwa tena la furaha; lilitisha.

Ayse Saygin na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, waliwaonyesha watu 20 filamu za mwanamke halisi, za roboti Repliee Q2 ya Osaka yenye ngozi na nywele kama zake, na za roboti hiyo hiyo ikiwa imevuliwa ngozi, chuma kikiwa wazi. Ubongo wao ulipigwa picha kwa mashine ya sumaku. Mtu mwenye mwendo wa mtu hakuusumbua ubongo, wala chuma chenye mwendo wa chuma. Tofauti kubwa ilionekana pale sura ilipokuwa ya mtu na mwendo wa mashine. Maelezo ya watafiti ni kwamba ubongo hukisia mwendo kutokana na sura, na hapo makisio yake hukosea.

Takanori Shibata wa Japani alizingatia hatari hiyo alipounda Paro, roboti inayotumiwa kuwaliwaza wazee waliopotewa na kumbukumbu. Aliipa umbo la mtoto wa sili, mnyama wa bahari za baridi, kwa kuwa paka wa bandia angelinganishwa na paka halisi wa nyumbani. Huo ni uamuzi wa busara. Hata hivyo, mzee anayembembeleza Paro amepewa faraja ya kweli na kitu kisichomjua, na wahandisi peke yao hawawezi kuamua kama hilo ni haki.

Mwalimu anaweza kulipima jambo hili darasani kwa pembetatu mbili za karatasi, moja kubwa na moja ndogo, zilizobandikwa vipande vya chuma na kuvutwa kwa sumaku chini ya kadibodi. Kwanza ziende kwa kasi moja, kila moja njia yake. Kisha ile ndogo isite, igeuke na kukimbia, na kubwa iifuate. Watazamaji wasidokezwe lolote. Waandike tu walichokiona, na mwalimu ahesabu ni wangapi walioandika “pembetatu” na ni wangapi walioandika “alimfukuza”.