Mahitaji ya kijiji huulizwa wanakijiji wenyewe

NI jambo la kawaida mradi wa maendeleo kuzinduliwa kwa shangwe, kisha baada ya muda mfupi ukaachwa kuota magugu. Pampu ya maji huharibika ikakosa wa kuitengeneza, nalo soko jipya hubaki tupu kwa kuwa wachuuzi huona heri kuuzia bidhaa kando ya barabara. Mara nyingi chanzo cha hasara hiyo si uhaba wa fedha, bali ni kwamba waliokusudiwa kunufaika hawakuulizwa walichohitaji. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Nakuru ina historia katika suala hili. Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoko Njoro, ni miongoni mwa taasisi zilizofundisha mbinu ya tathmini shirikishi, ambayo ilijaribiwa katika eneo la Mbusyani, Machakos, mnamo 1988 kabla ya kuenea kwingineko.

Katika mbinu hiyo, mtaalamu haji na orodha ya maswali pekee. Wakazi huchora ramani ya kijiji chao ardhini kwa vijiti na majivu, wakaonyesha visima, njia na mashamba. Hutembea pamoja naye kutoka mwisho mmoja wa kijiji hadi mwingine, wakaeleza miezi ya njaa na ya magonjwa, kisha wakapanga shida zao kwa uzito kwa kutumia mawe au punje za mahindi.

Wanawake, wanaume na vijana kwanza huketi mbalimbali. Sababu ni kwamba katika baraza la chifu mzee anaweza kuomba josho la mifugo, ilhali mkewe anayeamka alfajiri kuteka maji akanyamaza. Akiulizwa miongoni mwa wenzake, hutaja kisima.

Hata hivyo, kisima chenyewe chaweza kuleta balaa. Maji mengi ya ardhini katika Bonde la Ufa yana madini ya floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO). Madini hayo hugeuza meno ya watoto kuwa ya kahawia na, yakizidi sana, hudhuru mifupa. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imewahi kuendesha mpango wa kuchuja maji hayo kwa mkaa wa mifupa.

Hapo ndipo utaalamu na maarifa ya wakazi hukutana. Maabara hupima floraidi, lakini haiwezi kujibu iwapo familia itakubali kunywa maji yaliyopitia mifupa, wala nani atalipia mkaa mpya ule wa awali ukichoka. Maswali hayo yasipojibiwa na wakazi wenyewe, chujio huishia stoo.

Serikali nayo imepitia hatua kadhaa. Kuanzia 2001, mabaraza ya serikali za mitaa yalitakiwa kuandaa mipango ya huduma kwa kuwashirikisha wakazi. Katiba ya 2010 iliufanya ushirikishwaji wa umma kuwa wajibu, na kaunti zilipochukua nafasi ya mabaraza hayo mnamo 2013, wajibu huo uliziangukia. Kaunti ya Nakuru ina wadi 55, na mahitaji ya mkulima wa Kuresoi si yale ya mpangaji wa mtaani Naivasha.

Lakini haki hii ina majira yake. Kwa mujibu wa sheria ya fedha za umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa kila mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1 kupita, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Anayengoja Aprili ndipo aombe zahanati huenda akakuta orodha ya miradi ilikwisha kupangwa miezi kadhaa awali.

Wajibu wa maafisa pia hauishii kwenye kukusanya maoni na sahihi za waliohudhuria. Yafaa warudi kwa wananchi kueleza ni ombi lipi lililokubaliwa, lipi lililokataliwa na kwa sababu gani. Bila jibu hilo, wakazi huona mkutano ujao kuwa ni kupoteza siku ya kazi, na yule mama wa kisimani hatakuja tena.