Kebo fupi za mtandao: Hesabu ya boksi moja ina tobo

MFANYABIASHARA wa vifaa vya kompyuta pale Kariakoo, jijini Dar es Salaam, akinunua boksi moja la kebo ya mtandao hupata mita 305. Hesabu ya haraka humwambia kwamba akikata vipande vya mita moja moja atapata kebo 305 za kuunganishia kompyuta. Kwa kuwa kebo ya mita moja iliyokamilika huuzwa kwa bei iliyo mbali na ile ya mita moja ya waya, faida huonekana iko wazi.

Hata hivyo, kebo 305 zinahitaji vichwa 610, vile vya plastiki vinavyoitwa RJ45. Kila kichwa kinaingia nyaya nane zinazopangwa kwa rangi, kwa hiyo fundi atapanga nyaya 4,880 kabla boksi halijaisha. Tukikadiria dakika kumi kwa kebo moja, pamoja na kuikata, kuibana na kuipima, kazi hiyo inachukua zaidi ya saa 50, yaani siku sita na ushei za saa nane. Boksi hilo hilo likikatwa vipande vya mita 20 linatoa kebo 15 na kutumia vichwa 30 tu. Kadiri kebo inavyokuwa fupi, ndivyo gharama inavyohama kutoka kwenye waya kwenda kwenye vichwa na muda wa fundi, na hapo kiwanda ni mshindani mgumu.

Kasoro nyingine iko kwenye waya wenyewe. Boksi la mita 305 kwa kawaida lina waya mgumu wa uzi mmoja, uliokusudiwa kupitishwa ukutani au darini na kutulia huko. Kebo ya mezani hukunjwa na kuvutwa kila siku, na ndiyo maana zile za kiwandani hutumia nyuzi nyembamba nyingi zilizosokotwa pamoja. Waya mgumu ukikunjwa mara kwa mara hukatikia ndani bila ganda kuonyesha dalili.

Kisha kuna suala la kipimo. Kifaa cha bei nafuu chenye taa nane huonyesha tu kama nyaya zimefika upande wa pili. Fundi asiyejua kwamba waya wa 3 hushirikiana na wa 6, akapanga jozi zake kwa kufuatana, ataona taa zote zikiwaka vizuri kabisa. Mteja ndiye atakayegundua, pale mtandao utakapoanza kusuasua.

Mnunuzi wa jumla naye ana la kuangalia kabla ya kutoa fedha. Madukani zipo kebo za alumini iliyopakwa shaba, zenye herufi CCA zikiandikwa kwa haki na wakati mwingine zisiandikwe. Uwezo wa alumini kupitisha umeme ni kama asilimia 61 ya ule wa shaba, na viwango vya kimataifa vya kebo hizi vinataka shaba tupu. Hasara huonekana mapema zaidi kwa wafungaji wa kamera zinazopata umeme kupitia kebo hiyo hiyo, kwani waya hupata joto na umeme hufika ukiwa umepungua. Kuitambua si kazi: boksi la alumini ni jepesi mno, na waya ukikwanguliwa kwa kisu huonyesha weupe. Ni ajabu kidogo kwamba udanganyifu huu unapata soko katika mji ambao bandari yake husafirisha shaba ya Zambia na Kongo.

Kutengeneza mwenyewe bado kunalipa katika kebo ndefu, katika vipimo visivyouzwa dukani, na mahali ambapo waya unapita kwenye bomba lisiloruhusu kichwa kupenya. Kwa mita moja, mbili au tatu, duka dogo linafanya vyema kuagiza zilizokamilika kwa jumla, likafungua chache na kuzikwangua kabla ya kulipa, na kudai risiti ya EFD ili zenye kasoro zirudishwe. Kebo aliyoibana fundi mwenyewe haina pa kurudishwa. Kichwa kimoja kikilegea ofisini kwa mteja Mbagala, nauli ya kwenda na kurudi hutoka mfukoni mwake.